Betri Yangu Haikufa

Watu wa kwetu Pemba wanavua ili wapate kitoweo, au wapate cha kuuza wanunue unga. Mimi navua kwa sababu napenda. Nimelisema hilo mbele ya wakwe, mbele ya walimu wenzangu, na mara moja mbele ya shehe aliyekuja nyumbani kunishauri, na kila nilipolisema nilitazamwa kama niliyekiri wizi. Mwanamke kwenda pwani na shuka kutanda dagaa, hilo wanalijua. Mwanamke kuchokoa pweza kwenye mwamba maji yakitoka, nalo wanalijua. Lakini mwanamke wa miaka arubaini na tisa, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwenye mume na wajukuu wawili, apande boti siku ya Jumapili, atupe mshipi, akae, acheke, arudi na samaki watatu au bila samaki kabisa, hilo halikuwa na jina. Mama mkwe wangu aliliita mchezo wa walioshiba. Sikubishana naye. Nilikuwa nimeshiba, alhamdulillahi, na nilitaka kucheza.

Boti tulinunua mimi na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa karani wa bandari na ndiyo kwanza amestaafu. Ilikuwa faiba ya futi ishirini, ya hoteli moja iliyofungwa huko kaskazini. Ilikuja na fimbo mbili za kuvulia, zenye yale magurudumu ya kukunjia mshipi yanayoitwa rili, na mashine ya nyuma iliyokwisha kuchoka. Tuliiweka bandari ya Wesha. Babu yetu aliletwa Pemba na karafuu kutoka bara, na nyumbani kwetu Tibirinzi hakuna aliyewahi kumiliki hata mtumbwi. Wapo waliosema bahari si yetu. Kaka akawajibu kwamba bahari haina hati ya shamba, na hilo ndilo lililonifanya nimpende kuwa naye botini, maana mengine yake yalikuwa taabu tupu.

Taabu ya kwanza ilikuwa betri. Boti ilikuwa na betri moja, na ilibeba kila kitu: starta ya mashine, pampu ya kutolea maji, kile chombo cha kuonesha kina, redio ya mawasiliano, na redio nyengine ya kaka ya kusikilizia taarabu. Siku moja tukiwa karibu na kisiwa cha Misali, tumezima mashine tunavua kwa kutulia, kaka alipiga taarabu yake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Tulipotaka kurudi, nilizungusha ufunguo, ikalia tik, basi. Kamba ya kuvutia kwa mkono ilikuwa imeoza siku nyingi. Tulikokotwa na wavuvi wa ngalawa mpaka Wesha, mwendo wa saa tatu, na mmoja wao alikuwa baba wa mwanafunzi wangu.

"Mwalimu," akaniuliza kwa adabu kabisa, "wewe ndiye unayewasomesha umeme?"

Jumatatu niliingia darasani nikawakuta wanafunzi wa kidato cha tatu wameshapata habari, na niliyaona mabega yakitikisika nilipogeuka kuandika ubaoni.

Tangu siku hiyo betri zikawa zangu. Nilinunua ya pili, nikazitenga: moja ya kuwashia mashine tu, haiguswi na kitu chengine, na moja ya redio na pampu na vyombo. Nilifunga paneli ndogo ya sola juu ya kibanda cha boti. Betri ya risasi haitaki kulala na njaa. Ukiiacha imeshuka wiki mbili inaota ukoko kwenye mabamba yake, na hata ukiichaji mwezi mzima hairudi kuwa ilivyokuwa. Kwa hiyo kila tuliporudi nilizipima kwa mita. Iliyoshuka niliibeba nyumbani kwenye mkokoteni, na umeme ukikatika, nao hukatika, nilingojea urudi ndipo nikalale. Nilijaza maji ya betri, si maji ya kisima kama walivyofanya wengi. Vichwa vyake nikiviosha kwa maji ya magadi, nikivipaka mafuta ya mgando visile kutu. Mume wangu, ambaye ana duka la vitambaa na si mtu wa maneno mengi, alisema tu kwamba laiti yeye angekuwa na vichwa viwili vya risasi.

Kwa miaka minne betri zile hazikunigomea hata siku moja. Naliandika hili kwa majivuno, na sijutii majivuno hayo.

Mashindano ya uvuvi yalifanyika Makangale, kaskazini ya kisiwa. Kamati ilikuwa ya watu wa huku huku, wafanyabiashara na watumishi, pamoja na mfadhili mmoja kutoka nje ya kisiwa aliyetoa zawadi: mashine mpya ya boti, ya nguvu za farasi arubaini. Aliyepata samaki mzito kuliko wote ndiye mshindi. Nilikwenda kuchukua fomu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mzima, mpole, kanzu yake daima imepigwa pasi. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya mume, hali ya watoto, hali ya wajukuu, kisha akasema, "Mwalimu, hatujawahi kuwa na mwanamke."

"Kanuni zinasema mwanamke haruhusiwi?"

"Hazisemi hivyo. Hazikuwa na haja ya kusema."

Nikamwomba kanuni. Zilikuwa kurasa mbili. Nilizisoma pale pale mbele yake, bila haraka, naye anachezea kalamu. Kila mahali imeandikwa "mshiriki" na "nahodha". Nikamwambia, "Hapa mimi ni mshiriki, na boti ni yetu, na nahodha ni mimi. Niandike."

Aliniandika. Alinipa namba saba, akaiandika kwa shingo upande, nami nikaondoka na nakala ya kanuni zile.

Zilikuwa na sharti moja ambalo lazima nilieleze, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo. Uvuvi unaanza saa kumi na mbili asubuhi na kukoma saa tisa kamili alasiri. Saa tisa kamati inatangaza kwa redio, na mishipi yote itoke majini. Samaki aliyeshika ndoano kabla ya tangazo anahesabika hata akipandishwa baadaye. Aliyeshika baada ya tangazo hahesabiki. Ila boti ambayo redio yake imekufa, na haikusikia tangazo, itakwenda kwa saa yake yenyewe na kwa neno la nahodha, akitia saini.

Siku ya mashindano zilitoka boti kumi na moja. Tulirambaza tangu asubuhi kwenye maji meusi ya magharibi, pale kina kinapodondoka ghafla, tukiburura vyambo viwili vya plastiki nyuma yetu. Tulipata nguru mmoja wa wastani na basi. Kaka alikuwa kwenye usukani, mimi nyuma na fimbo. Mchana ulikuwa mrefu. Redioni tulisikia boti moja ikitangaza kolekole mkubwa. Alikuwa bwana mmoja wa Makangale, mfanyakazi wa msitu wa Ngezi, aliyekodi boti na nduguye. Kaka akaguna. Mashine yetu ilikuwa ikikohoa tangu saa nne, na naona katika akili yake alikwisha kuifunga ile mpya.

Saa tisa ikafika. Nilisikia tangazo kama mtu amesimama karibu yangu: "Boti zote, saa tisa kamili. Toeni mishipi. Jibuni kwa namba." Boti namba moja ikajibu, namba mbili ikajibu. Nilitoa mshipi wa kwanza. Nikaanza kukunja wa pili, namba nne inajibu, namba tano inajibu, na chambo kimebaki kama hatua thelathini nyuma ya boti, ndipo fimbo ikapinda mpaka ncha yake ikagusa maji.

Sikufikiri kitu. Mtu anayevua atanielewa. Rili ilipiga kelele, mshipi ukatoka kama unaovutwa na gari, nami nikakaa chini nikakaza miguu ukingoni. Kaka aligeuka, akaona, akapunguza mwendo.

"Jodari," akasema. "Wallahi jodari."

Redio ikaita. "Namba saba. Namba saba, mnasikia?"

"Jibu," nikamwambia. "Mwambie kashika sasa hivi."

Kaka alinitazama, akaitazama redio. Akanyoosha mkono akazima swichi.

"Kaka."

"Weye vuta samaki."

Nilivuta. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye fimbo na nisingeweza kuifikia swichi, hiyo ni kweli. Samaki alituchukua dakika arubaini na zaidi. Alizama chini ya boti mara mbili, na mara ya pili nilidhani mshipi utakatwa na panga la mashine. Alipotokea juu, ubavu wake unang'aa, kaka alimpiga kulabu shingoni tukampandisha wote wawili tukianguka naye ndani. Alikuwa mzito kuliko mimi, na mimi si mwembamba. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikapiga magoti kwenye damu, na kaka akacheka, tukapeana mikono kama watoto.

Kisha tukageuza boti kurudi, na mikono yangu ikawa mitupu. Swichi ilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikuiwasha. Nakiri. Mwendo wa karibu saa nzima sikuiwasha, na kaka alikuwa akisema.

"Betri ilikufa. Kila mtu betri zinamfia. Nani atashangaa?"

"Haikufa."

"Dakika moja, mwanakwetu. Au mbili. Chambo kilikuwa kimo majini bado, hukukitupa upya. Hiyo si dhuluma."

"Nilisikia tangazo."

"Nani anajua kama ulisikia?"

"Weye. Na miye."

Akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuwa amelisema kabla. Alisema tangu astaafu hana kitu anachokingojea katika wiki ila Jumapili. Mashine hii ikifa, na inakufa, hatutakuwa na nyengine. Hatuna uwezo huo. "Utarudi kwenye shule yako," akasema, "na mimi nitarudi barazani kucheza bao na watu wanaosubiri kufa."

Nilimwangalia mgongo wake. Lilikuwa kweli.

Makangale pwani ilikuwa imejaa. Walipomwona samaki walianza kupiga mayowe tangu tukiwa mbali. Watu waliingia majini mpaka kiunoni kuishika boti. Mwenyekiti mwenyewe alipandisha kanzu yake akaja mpaka ukingoni.

"Mwalimu, hongera. Tuliita mpaka tukachoka. Betri ilikwisha, siyo?"

"Ilikwisha," kaka akasema.

Mimi sikusema. Watu wanne walimbeba jodari hadi kwenye mizani chini ya hema. Alimzidi yule kolekole karibu mara mbili. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza urojo alipiga vigelegele, wenzake wakapokea, na mpiga picha wa mfadhili akaja mbio. Mwenyekiti aliniletea karatasi juu ya ubao, na kalamu, akanionesha mahali pa saini kwa kidole.

Niliisoma. Ilisema kwamba mimi, nahodha wa boti namba saba, nathibitisha kuwa betri ya redio yangu ilikwisha nguvu kabla ya saa tisa na sikusikia tangazo.

Sijui kama ningeandikiwa maneno mengine ningefanya nini. Ningependa kusema ningekataa vile vile. Lakini yaliyoandikwa yalikuwa hayo, kwamba betri yangu ilikwisha. Niliwaza mkokoteni, na magadi, na miaka minne. Niliwaza kwamba watu hawa wote waliona ni jambo jepesi kabisa kuamini, la kawaida, mwanamke kavua na betri ikamfia, na wako tayari kunipa mashine ya farasi arubaini ili niwathibitishie hivyo.

Nikamrudishia karatasi. Nikatoka kwenye hema, nikaingia majini na buibui langu, nikapanda boti. Niliwasha swichi. Taa ya kijani ikawaka. Nikachukua kipaza sauti, na nilipokibonyeza nilisikia sauti yangu ikitokea kule hemani, kwenye redio ya kamati, mbele ya watu wote.

"Kamati, hii ni boti namba saba. Betri yetu nzima. Tangazo la saa tisa tulilisikia. Samaki ameshika baada ya tangazo."

Hemani vigelegele vikakatika. Pwani watoto waliendelea kupigana kwa mwani. Nikarudia tena, maana darasani nimezoea kurudia.

Mwenyekiti alikuja hadi kwenye boti peke yake. Hakukasirika, au hakuonesha. Aliongea kwa upole kama anayemtuliza mgonjwa.

"Mwalimu, sikiliza. Mfadhili kaja na mpiga picha. Mwanamke wa kwanza kushiriki, na kashinda. Unajua itakuwa nini kwa Pemba? Kwa wanawake wenzako?"

"Bwana mwenyekiti, wewe ulikuwa hutaki kuniandika."

"Nilikosea. Sasa nataka."

"Niliingia kwa hizi kurasa mbili. Hukuwa na njia ya kunikataa kwa sababu zimeandikwa. Leo zinanikataa, na mimi sina njia. Andika namba saba, nguru mmoja."

"Unatuharibia siku."

"Siku ni yenu. Neno la nahodha ni langu. Mmeliandika wenyewe, someni."

Akageuka, maji yanampiga magotini, akaondoka. Hakusema kwaheri, na kwa mtu mwenye adabu zile hilo lilikuwa kama kofi.

Mashine akapewa yule mfanyakazi wa msitu. Baada ya picha zake alinijia pale nilipokaa juu ya mchanga. Nilidhani atashukuru, na sikutaka shukrani zake. Aliniamkia, akachuchumaa, akatazama bahari.

"Mwalimu, mimi nisingesema," akaniambia.

"Najua."

"Si kwa ubaya. Ila nisingesema."

"Basi vua vizuri na hiyo mashine," nikamwambia. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Jodari tulimkata pale pale, tukawagawia waliotusaidia na waliokuwa wamesimama tu, na hakuna aliyekataa, hata wale walionong'ona juu yangu. Nilikwenda nyumbani na kipande cha tumbo. Mume wangu alikipika kwa nazi, akanisikiliza hadithi nzima, akauliza kama nilikuwa nimevua viatu kabla ya kuingia majini na buibui. Nilikuwa sikuvua.

Kaka alinisusa. Hakuja Wesha mwezi, miezi miwili, karibu mitatu. Tukikutana msibani alinisalimia kama anavyomsalimia mpangaji. Mjini Chake maneno yalikuwa mengi. Wapo walioniita mkweli kwa sauti ya kuniita mjinga, na mwalimu mkuu wangu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba ukweli nao una wakati wake. Nilimuuliza ni saa ngapi. Kisha nikaenda darasani.

Nilitoka mwenyewe Jumapili zile. Mara mbili nilitoka na mwalimu wa Kiarabu, mwanamke mwenzangu, mtu wa ukoo uliokuwa na mashamba makubwa zamani, ambaye alitapika tangu Wesha hadi Misali na bado akataka kwenda tena. Mashine ilikohoa, nikaifungua, nikaisafisha, ikaendelea kukohoa.

Kaka alirudi Ijumaa moja baada ya sala. Alikaa sebuleni, akanywa kahawa, akazungumza na mume wangu habari za bei ya karafuu. Alipoinuka kuondoka akasema bila kunitazama, "Plagi za mashine nimezipata kwa fundi mmoja Mkoani. Kesho kutwa nije?"

"Njoo."

"Ile mashine ingekuwa yetu."

"Isingekuwa."

"Ingekuwa," akasema, na akaenda zake. Mpaka leo anasema hivyo, na mimi namjibu hivyo, na sidhani kama mmoja wetu atamshinda mwenziwe.

Mwaka uliofuata mwenyekiti aliniita ofisini kwake. Alinipa kiti, akauliza hali ya mume, watoto, wajukuu. Kisha akaniambia kamati imekaa na imeamua kunipa heshima. Wananitaka niwe mmoja wa waamuzi, nikae hemani, nisimamie mizani. Mtu wa kuaminika kama mimi, alisema, anafaa kuwa pale. Kutakuwa na kiti changu na chakula cha mchana.

Nilimshukuru. Nilimwambia ni heshima kubwa na siitaki. Nilimwambia naona vizuri kwamba kutoka hemani sitaweza kuvua samaki yeyote, na bahari itakuwa imebaki ya wanaume kumi, wote wenye amani.

"Hatukukusudia hivyo, Mwalimu."

"Labda. Nipe fomu."

Alinipa. Niliijaza pale pale, nikampa nakala yake nikabakia na yangu. Siku ya mashindano kaka alishika usukani, nikashika fimbo, na saa tisa lilipotoka tangazo nilijibu kwa namba yetu kabla ya boti zote. Tulikuwa na kolekole wawili wadogo. Tukawa wa tisa katika kumi na moja.